Lumbesa Ndani ya Mashine

Mwaka 1974 nilizaliwa mimi, ukazaliwa Mkoa wa Rukwa, na serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mawili ya kwanza nimeyajua tangu utotoni, kwa sababu mama hakuwa na kalenda; akiulizwa umri wangu alijibu kwamba nilikuja ile Sumbawanga ilipoachana na Mbeya. La tatu nililisikia nikiwa na miaka ishirini na miwili, darasani Dar es Salaam, kwa mwalimu aliyelisimulia huku anacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimetoka Ufipa kwa basi la vumbi hadi Mbeya, nikapanda treni ya TAZARA, siku tatu njiani, kwenda kujifunza kitu ambacho nchi ilikikataa mwaka niliozaliwa.

Tangu hapo kazi yangu imekuwa kuandika programu za kompyuta hapa mjini Sumbawanga, na kufufua zile zilizokufa. Wanaosimulia historia ya kompyuta husimulia zaidi mashine: ipi ilitangulia, ipi ilikuwa na kasi. Mimi nataka kusimulia zana, yaani vile vyombo ambavyo fundi anavitumia kuiamrisha mashine, na jinsi vinavyomwangusha siku mashine inapobadilika. Na kwa kuwa ni Mfipa, sianzii kwenye kompyuta. Naanzia kwenye chuma.

Ukizunguka Ufipa, hasa upande wa Nkasi, bado utakuta mabaki ya malungu yamesimama porini: tanuru za udongo za wahenga, moja huitwa ilungu, lenye urefu wa mita tatu hivi likiwa zima. Halikupulizwa kwa mivukuto. Chini lilitobolewa matundu kuzunguka pande zote, na joto la ndani lilipopanda lenyewe lilivuta hewa kupitia matundu hayo. Ndani walipanga mkaa na mawe ya chuma. Kilichotoka hakikuwa chuma cha kufulia jembe; kilikuwa bonge lililochanganyika na mavi ya chuma. Bonge hilo lilipelekwa kwenye tanuru ya pili, ndogo, isiyofika kiunoni, iliyoitwa kintengwe. Hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi, na chuma kikasafishwa. Ndipo mhunzi akakipokea.

Mambo haya yameandikwa na watu wenye subira kuliko mimi. Padri Wyckaert wa wamisionari wa White Fathers aliandika juu ya wahunzi wa huku mwaka 1914. Roy Willis, aliyeishi Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, alieleza jinsi simulizi za utawala wetu zinavyoanzia Milansi, na jinsi watawala wa Milansi walivyohusishwa na kazi ya chuma. Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wetu, alionyesha kwamba malungu hayakuwa peke yake. Upande wa Ziwa Tanganyika kulikuwa na tanuru za aina nyingine, fupi, ziitwazo katukutu. Kwa hiyo hata kabla mzungu hajaleta jembe la dukani, ufundi wa hapa ulikuwa na zaidi ya njia moja.

Babu yangu hakuyeyusha chuma. Baba yake aliyeyusha. Jembe la kiwandani lilipoingia, ilungu lilikosa sababu: kwa nini watu wakate miti ya msitu mzima, walale kambini mbali na wake zao kama mwiko ulivyotaka, wapate majembe machache, wakati duka la Mhindi linayo yamepangwa? Waliobaki ni wahunzi. Babu alifua majembe, visu na miundu kwa vyuma chakavu, hasa springi za lori.

Mimi ndiye nilimpulizia mivukuto, kwa sababu wajukuu wa kiume walikuwa wanachunga. Aliniita mke wangu, kama mababu wanavyowaita wajukuu wao wa kike, na akaniambia kwamba enzi za baba yake nisingesogea hata karibu na ilungu. Siku moja akanisimulia jinsi springi ilivyomwaibisha. Majembe yake ya kwanza ya springi aliyapasha moto yakawa mekundu, akayatumbukiza majini mara moja, kama alivyofundishwa na baba yake. Yakapasuka kama vigae. Chuma cha ilungu kilikuwa laini, kilivumilia maji. Springi ni chuma kigumu; ukiizima kwa ghafla hivyo inakuwa kama chupa.

"Mikono yangu haikukosea, mke wangu," aliniambia. "Mikono ilikuwa inafua chuma kingine, kile ambacho hakikuwepo tena."

Tangu siku ile, kila chuma kigeni kilichoingia kwake alikata kipande kidogo kwanza, akakitia motoni, akakigonga, akakizima, akakivunja, akatazama mvunjiko. Alisema chuma cha kununua hakikuambii kilikotoka, lazima ukiulize. Maneno haya niliyaelewa miaka mingi baadaye, mbele ya skrini.

Sasa turudi kwenye kompyuta. Ya kwanza kufungwa Tanzania ilifika mwaka 1965, Wizara ya Fedha. Iliitwa ICT 1500, jina la kampuni ya Uingereza, lakini ndani ilikuwa mashine ya Kimarekani, RCA 301, iliyobandikwa jina jipya. Hata Waingereza, basi, walikuwa wahunzi wa chuma cha mwenzao. Kumbukumbu ya mashine za aina ile ilihesabiwa kwa herufi elfu kumi, elfu ishirini au elfu arobaini. Makala hii unayoisoma isingeenea ndani ya ile ndogo.

Kazi za namna hiyo zilifanywa kwa kadi za karatasi. Kila kadi ilikuwa na safu 80, na kila herufi ilitobolewa kwa mashine kama ya chapa. Ukikosea tundu, unatupa kadi. Mwandishi wa programu hakukaa na mashine. Alipeleka bunda lake la kadi dirishani, akarudi baadaye kuchukua karatasi ya majibu. Duniani kompaila zilikuwepo tayari, zile programu zinazopokea maagizo yaliyoandikwa kwa lugha inayosomeka na mtu na kuyageuza kuwa namba za mashine. Grace Hopper alitengeneza ya mwanzo mwaka 1952, FORTRAN ikatoka mwaka 1957. Kwa macho yangu kompaila ndiyo ilungu: unatia mawe juu, chuma kinatokea chini. Na kama ilungu, hujengwa na wachache, wengine wote tunafua kilichotoka.

Kilichotokea Wizarani kinajulikana. Hesabu za serikali zilihamishiwa kwenye mashine, zikavurugika, ikabidi warudi kwenye vitabu na kalamu. Mwaka 1974 likatoka katazo: kompyuta na vifaa vyake visiingizwe bila kibali. Katazo lilikuja kulegea polepole, likaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wenye kulilaumu husema tulipoteza miaka ishirini. Mimi nalihukumu kwa mizani ya babu. Wakubwa wale walitumbukiza springi majini, ikapasuka. Kosa lao halikuwa kuogopa. Kosa lao lilikuwa kuitupa springi badala ya kukata kipande kidogo na kukiuliza.

Mwaka 1996, basi, nikafika Dar es Salaam. Nilikuwa mpiga chapa, vidole vyangu vilijua kuruka kwenye Olympia bila kutazama, na ndiyo sababu ofisi iliyoniajiri ilikubali kunipa ruhusa ya miezi sita. Chuoni tulikuwa watu wawili wawili kwa kompyuta moja, na lugha tuliyofundishwa ilikuwa Pascal, iliyobuniwa na Niklaus Wirth wa Uswisi na kutangazwa mwaka 1970. Zana yetu iliitwa Turbo Pascal. Ilitoka kampuni ya Borland mwaka 1983, na aliyeandika kompaila yake ni Anders Hejlsberg, Mdenishi.

Sijui nieleze vipi utamu wake kwa kijana wa leo. Kabla yake, kompaila ilikuwa na diski zake kadhaa: toa hii, weka ile, subiri. Turbo Pascal iliweka pamoja mahali pa kuandikia, kompaila, na mahali pa kusakia makosa. Ukikosea, kishale kinakwenda chenyewe pale penye kosa. Toleo lake la tatu, kompaila na kihariri chake pamoja, halikufika kilobaiti 40. Picha moja ya WhatsApp ya mjukuu wako ni kubwa kuliko hapo. Ilitengenezwa na mtu aliyeijua mashine ya siku zile kama mkulima anavyolijua shamba lake. Niliipenda, nikarudi nayo Sumbawanga katika disketi, toleo la saba.

Mwaka 1997 chama kimoja cha kuweka na kukopa, cha walimu na wakulima, kilikuwa kimepewa msaada wa kompyuta, 486 ya megahezi 66, ikakaa kabatini imefunikwa kitambaa cha kufuma. Niliwaandikia programu ya kutunza akiba na mikopo. Umeme wetu enzi hizo haukuwa wa kuutegemea, kwa hiyo nilijifunza jambo ambalo chuoni hawakulisisitiza: kila muamala uandikwe diskini palepale, kwanza kwenye faili la "nataka kufanya", kisha kwenye daftari kuu. Taa zikizima katikati, mashine ikiwaka inasoma faili la nia na kumalizia. Baadaye nilikuja kujua kwamba hata hifadhidata za mabenki makubwa hufanya hivyohivyo. Mimi nilifundishwa na giza.

Programu ile ilikaa miaka miwili bila neno. Ikaja hofu ya mwaka 2000.

Redioni tuliambiwa kwamba kompyuta nyingi huandika mwaka kwa tarakimu mbili, 99 ikifuatwa na 00, na mashine zitadhani tumerudi 1900. Yangu iliandika nne, niliwaambia. Kamati haikunisikia, ilikuwa imekwisha kuamua. Novemba 1999 ikaletwa mashine mpya, Pentium II ya megahezi 350. Nikaweka disketi, nikaandika jina la programu, nikabonyeza. Skrini ikajibu mstari mmoja: kosa namba 200, kugawanya kwa sifuri.

Katika programu nzima nilikuwa na mahali patatu tu pa kugawanya, na hakuna palipogusa sifuri. Nikazipitia kurasa zote kwa kalamu nyekundu. Nikaweka ujumbe wa salamu kwenye mstari wa kwanza kabisa ili nione programu inafia wapi. Salamu haikutokea. Ilikuwa inakufa kabla ya mstari wangu wa kwanza.

Mweka hazina, mwalimu mstaafu, alikuwa amekaa nyuma yangu na koti lake la baridi.

"Binti yangu, hii imerogwa."

"Mzee, mji wetu unaitwaje?"

Akacheka. Sumba wanga: tupa uchawi. "Haya, itupie huo wanga. Jumatatu watu wanakuja kuchukua fedha za mbolea."

Asubuhi yake nikaenda kibanda cha simu, nikampigia mwalimu wangu wa Dar es Salaam. Nilimweleza haraka, nikitazama namba za gharama zinavyopanda. Akaniuliza swali moja: umetumia CRT? Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi mashine yako ni nzuri mno."

CRT ni fungu la Turbo Pascal linaloshughulikia skrini: rangi, mahali pa kishale, na kusubiri. Ili programu isubiri nusu sekunde, fungu hilo lilihitaji kujua mashine ina kasi gani. Kwa hiyo, kabla programu yako haijaanza, lilizunguka mzunguko mtupu usiofanya kitu, likihesabu mizunguko mingapi inaenea ndani ya pigo moja la saa ya kompyuta. Saa hiyo hupiga mara 18 na kidogo kwa sekunde. Pigo moja ni sehemu 55 kati ya elfu moja za sekunde, yaani milisekunde 55. Hesabu iliyopatikana iligawanywa kwa 55, ili ijulikane mizunguko kwa milisekunde moja. Jibu likawekwa kwenye chombo cha biti 16, na chombo cha biti 16 hakibebi namba inayozidi 65,535.

Walipoandika fungu lile, mashine za siku zile hazikufika hata karibu na kikomo hicho. Mashine zilipovuka megahezi mia mbili hivi, jibu likawa kubwa kuliko chombo. Na prosesa za ukoo huu wa 486 na Pentium, ukiziamuru zigawanye na jibu lisienee, hupiga kengele ileile zinayoipiga ukigawanya kwa sifuri. Turbo Pascal ikisikia kengele hiyo haina neno jingine la kusema. Hakukuwa na sifuri popote. Kulikuwa na lumbesa.

Mtu wa Rukwa hahitaji kuelezwa lumbesa. Ni lile gunia la mahindi linaloshonewa kofia juu ya mdomo wake, likabeba zaidi ya gunia na kuhesabiwa gunia moja. Mkulima ndiye anayeumia, kwa sababu chombo kimezidiwa na anayehesabu hakubali kusema kwamba kimezidiwa. Niliporudi kumweleza mweka hazina kwa namna hiyo, alielewa kuliko nilivyoelewa mimi kwenye simu. Na nikaona jambo lililonishangaza: wale mafundi walikuwa wamefanya kile babu alichokisema. Waliiuliza mashine, waliipima kabla ya kuitumia. Kupima walipima. Walichokosea ni kibaba.

Dawa yenyewe ingekuja kwa disketi, na basi lilihitaji siku. Kwa ajili ya Jumatatu mwalimu alinipa hila: niingie kwenye menyu ya ndani, ile inayofunguka kabla mashine haijaamka sawasawa, nizime keshi.

Keshi ni kumbukumbu ndogo yenye kasi iliyo karibu na prosesa. Kumbukumbu kuu ni kihenge uani. Keshi ni ungo wa mahindi yaliyokwisha kupukuchuliwa, uko jikoni karibu na mguu wa mpishi. Prosesa za zamani hazikuhitaji ungo, maana mpishi mwenyewe alikuwa mzito na kihenge kiliweza kumsubiri. Mpishi alipokuwa mwepesi, safari za uani ndizo zikawa kazi kubwa. Ukizima keshi, kila punje inafuatwa uani. Niliizima, Pentium II ikawa goigoi kuliko hata ile 486, na programu ikawaka. Jumatatu watu wakapata fedha za mbolea, foleni ikienda kama ng'ombe aliyefungwa mguu, keshia akilalamika kwamba tumenunua mzee kwa bei ya kijana.

Disketi ilifika baada ya siku sita mkononi mwa kondakta, imefungwa gazeti. Ndani mlikuwa na rekebisho dogo la kupanua kile kibaba. Nikatengeneza programu upya, nikawasha keshi, na kwa mara ya kwanza nikaiona mashine ile ilivyo. Hesabu za riba za mwaka zilizochukua muda wa kunywa chai zikaisha kabla sijanyanyua kikombe.

Yaliyofuata yalikuja haraka. Mwaka 2003 chama kikaunganisha kompyuta mbili, madirisha mawili, na nikapata kosa la aina mpya. Mwanachama ana shilingi 50,000. Dirisha la kwanza linasoma 50,000 na kutoa 20,000. Papo hapo dirisha la pili, mke wake ameleta 10,000, nalo limesoma 50,000. La kwanza linaandika 30,000. La pili linafuatia na kuandika 60,000 juu yake. Ilitakiwa 40,000. Hakuna aliyeiba na hakuna aliyekosea kuhesabu. Wawili wameshika daftari moja kwa wakati mmoja. Nilijifunza kuweka kufuli: mwenye kalamu ni mmoja, mwingine asubiri kalamu irudi mezani.

Sikujua kwamba shida yangu ya madirisha mawili ingekuwa shida ya dunia. Kufikia mwaka 2005 hivi, kasi ya prosesa iliacha kupanda kama ilivyozoea, kwa sababu ya joto. Ilungu nalo lina kikomo. Ukizidisha moto kupita kiasi, udongo wenyewe unaanza kuyeyuka. Viwanda vikaacha kumkimbiza mpishi mmoja, vikaongeza wapishi: viini viwili katika prosesa moja, kisha vinne, kisha vinane. Programu za zamani hazikufaidika, maana ziliandikwa kwa mtu mmoja. Ni kama kuita watu wanane kwenye ujima wa kupiga matuta halafu ukawa na jembe moja. Na hata majembe yakitosha, zipo kazi zisizogawanyika. Gene Amdahl alilisema hilo tangu mwaka 1967: ile sehemu isiyogawanyika ndiyo itakayokuamulia utamaliza lini, hata ukiita kijiji kizima.

Zana nazo zikatufikia kwa njia nyingine. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maneno ya Kiswahili, nikaiweka kwenye kila mashine niliyoifungua. Mwaka 2009 waya wa SEACOM ulitua Dar es Salaam kupitia baharini, mkongo wa taifa ukaanza kutandazwa mikoani, na lami ya kutoka Tunduma ikaja ikafika. Kompaila ya GCC, ambayo Richard Stallman aliitoa bure tangu mwaka 1987, na baadaye LLVM, nikaweza kuzipakua nikiwa nimekaa Sumbawanga, pamoja na msimbo wake wote. Nilifungua nikasoma. Sikuelewa hata robo. Lakini mjukuu wa mhunzi, mwanamke, alikuwa anachungulia ndani ya ilungu linalowaka, na hakuna aliyemfukuza.

Ningependa kuishia hapo, lakini nina deni moja la kuungama.

Mwaka 2008, kwenye mkutano mkuu wa chama, taarifa ya fedha ilisomwa ikiwa imechapwa kutoka kwenye programu yangu. Kwenye mstari wa mzunguko wa fedha tangu chama kianze kutumia kompyuta, palikuwa na bilioni mbili na ushei, na mbele yake alama ya kutoa. Mzee mmoja akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, naomba kujua. Hizi bilioni mbili, anayetudai ni nani?"

Ukumbi ukacheka. Mimi nilikuwa nyuma, nikahisi damu inapanda usoni, kwa sababu nilijua kabla hajaketi. Mwaka 1997 jumla ile niliiweka kwenye chombo cha biti 32. Kikomo chake ni 2,147,483,647. Nilikuwa nimeitazama namba hiyo na nikatabasamu: chama cha walimu na wakulima wa Sumbawanga, kitazungusha lini bilioni mbili? Shilingi ikashuka thamani, wanachama wakaongezeka, alizeti ikapata bei, na gunia likajaa. Tofauti na wale wa Borland, langu halikupiga hata kengele. Turbo Pascal ina swichi ya kukagua kama hesabu imezidi chombo, nami niliiacha imezimwa ili programu iwe nyepesi. Namba ikajaa, ikapinduka, ikaendelea kuhesabu kutokea upande wa pili wa sifuri, kimya kimya.

Miaka tisa nilikuwa nimewacheka wenzangu wa ng'ambo kwa kibaba chao kidogo.

Programu ile imekwisha kustaafu. Siku hizi nina vijana wanaokuja kwangu jioni na kompyuta mpakato zao. Juzi mmoja alileta programu ya kuhesabu mazao ya wakulima wa kikundi chao. Ilikuwa nzito, na alitaka nimfundishe kugawa kazi kwa viini vinane. Nikamwambia apime kwanza muda unaliwa wapi. Zana za kupimia sasa zipo za bure. Akapima. Muda karibu wote ulikuwa unaliwa na kufungua faili upya kwa kila mkulima: mpishi alikuwa anakwenda uani kufuata kila punje. Akalifungua mara moja tu, kazi ikaisha kwa kiini kimoja, saba vikiwa vimelala.

Kisha nikamwuliza jumla ya kilo anaiweka kwenye chombo gani.

"Biti 64, madam. Inabeba hadi tisa, halafu tarakimu kumi na nane mbele yake. Hiyo haijai hata Yesu arudi."

"Na ikijaa?"

"Madam, haiwezi."

Nikamsimulia habari ya mzee na bilioni mbili. Alicheka, halafu akaona mimi sicheki. Akageukia kompyuta yake, akasonya kidogo, akaongeza mstari mmoja: ikijaa, simama, useme.